Kila kosa lina kwao: shajara ya mradi wa maswali ya mazoezi, Ngamiani, Tanga

2 Agosti

Leo faili la kwanza limefunguka kwenye simu bila kugoma. Maswali 40 ya hisabati, fizikia, kemia, biolojia na historia, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwanafunzi anasoma swali, anagusa jibu au anaandika namba, anaambiwa papo hapo kama amepata. Likishaingia kwenye simu halidai intaneti tena. Nimelifanya hivyo makusudi: watoto wanaokuja kusoma jioni barazani kwa shangazi yangu hawana simu zao. Wanaazima ya mama au ya kaka baada ya chakula cha usiku, kwa muda mfupi, na bando lililomo si lao.

Uamuzi mmoja nimeuchukua mapema na sitaki kuurudia kila wiki. Swali litaandikwa kwa Kiingereza, maelezo ya kosa yataandikwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza sayansi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia kidato cha kwanza anakuta vitabu vimegeuka, na mtihani wa kidato cha nne utamjia kwa Kiingereza. Lazima macho yake yayazoee maneno ya mtihani. Lakini akishakosea, nataka kumkuta kule anakofikiria. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hilo nimeliacha Kiswahili mwanzo mwisho.

9 Agosti

Jaribio la kwanza. Watoto saba, simu nne, mkeka mmoja.

Hitilafu ya kwanza ilionekana kabla chai haijapoa. Programu huchanganya mpangilio wa majibu ili wasikariri kwamba jibu ni C. Nilikuwa na swali lenye chaguo la "A na B yote ni sahihi". Majibu yakachanganywa, A ikawa D, na swali likawa halina maana. Nimeyafuta maswali yote ya namna hiyo. Anayetaka kupima mambo mawili aulize maswali mawili.

Ya pili ilihusu namba. Jibu lilikuwa 0.5. Mmoja kaandika 0.50, mwingine 1/2, wa tatu .5, wote wamekosa, kwa sababu programu ilikuwa ikilinganisha herufi kwa herufi. Sasa inageuza kwanza kilichoandikwa kuwa namba, halafu inatazama tofauti. Eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7 ni 154 kwa anayetumia 22/7, ni 153.86 kwa anayetumia 3.14. Wote wawili wanajua hesabu. Nimeruhusu tofauti ya nusu asilimia.

16 Agosti

Leo nimefundishwa mimi.

Swali lilikuwa jepesi: basi linaondoka Tanga 07:30, linachukua saa 3 na dakika 45 kufika Chalinze, litafika saa ngapi? Binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto makini, mwenye kuandika kila kitu kwenye daftari kwanza, akaandika 5:15. Kioo kikawa chekundu. Akaandika tena 5:15. Chekundu tena. Akaniletea daftari.

"Mwalimu, saa moja na nusu. Naongeza saa tatu na dakika arobaini na tano. Ni saa tano na robo. Nimekosea wapi?"

Nikaipitia hesabu yake mstari kwa mstari. Hakukosea popote. Saa yake inaanza kuhesabu jua likichomoza, ya mtihani inaanza usiku wa manane, na kati yao kuna saa sita. Jibu ni 11:15, naye alikuwa amelipata kwa akili yake yote, isipokuwa alilisema kwa saa ya nyumbani kwao. Programu yangu ilikuwa imemwambia mara mbili kwamba hajui kujumlisha.

Nimerekebisha usiku huohuo. Katika maswali yote ya saa, jibu likiwa pungufu kwa saa 6 kamili, maelezo yanasema: "Hesabu yako ni sahihi. Umejibu kwa saa ya Kiswahili, mtihani unataka saa ya kimataifa. Ongeza 6." Mistari minne tu ya msimbo.

Lakini jambo halikuishia hapo. Nilikaa na daftari langu nikiyatazama majibu ya kupotosha niliyoyatunga mwenyewe kwenye maswali yale 40. Mengi niliyatunga ili nafasi nne zijae: namba iliyokaribiana na jibu, jina la mfalme wa nchi nyingine, gesi yoyote iliyonijia kichwani. Hakuna mtoto ambaye angefika pale kwa kufikiri. Mtoto akikosea kweli, anatoka mahali, anafuata njia, anafika. Nikimpa majibu matatu ambayo hakuna njia inayofika huko, nimempima kama anajua kukisia.

Kwa hiyo kuanzia leo: hakuna jibu lisilo sahihi litakaloingia kwenye benki ya maswali kabla mtoto mmoja angalau hajaliandika kwa mkono wake. Kwanza swali linaulizwa wazi, bila machaguo, kwenye karatasi. Nakusanya karatasi. Namwuliza aliyekosea alifikaje pale. Ndipo naandika machaguo, na kila chaguo lina maelezo yake, yanayojibu njia ile na si nyingine.

Nimefuta maswali 31 kati ya 40.

23 Agosti

Karatasi za kemia. Swali: ukitia sukari kwenye chai ya moto ukakoroga, sukari inapatwa na nini? Walioandika walikuwa tisa, na wote tisa wameandika kitendo kinachotumika kwa barafu iliyoachwa juani.

Niliwauliza kwa Kiswahili. "Inayeyuka, mwalimu." Na barafu? "Inayeyuka." Mshumaa? "Unayeyuka." Chumvi kwenye mchuzi? Hapo wakaanza kunitazama, wakijua kuna jambo linakuja.

Hapa ndipo penyewe. Kiswahili chetu cha jikoni kina neno moja, kemia ina matukio mawili. Moja ni yabisi kugeuka kimiminika kwa sababu ya joto, peke yake, bila kuhitaji kitu kingine. La pili ni yabisi kutawanyika chembe kwa chembe ndani ya kimiminika kilichokuwepo. Kiingereza kimeyapa matukio haya majina mawili tofauti kabisa, na mtihani unayatumia kama watu wawili wasiofahamiana. Mtoto anayeyaona yote mawili yakitafsiriwa "kuyeyuka" ana haki ya kuyachukua kuwa ni kitu kimoja.

Nikawapa namba. Chumvi ya mezani huyeyuka, kwa maana ya kwanza, kwenye nyuzijoto 801 za Selsiasi. Maji hapa pwani huchemka kwenye 100. Mchuzi wa samaki wa mama umefika 801? Wakacheka, wakasema sufuria lenyewe lingekwisha. (Ni kweli, la aluminiamu huyeyuka kwenye 660.) Basi chumvi imekwenda wapi?

Neno la tukio la pili tunalo: kumumunyika. Wengi hawajalisikia nje ya kitabu. Lakini kumumunya wanakujua tangu wangali wadogo, maana pipi haitafunwi, inamumunywa. Nikauliza: pipi inakwisha mdomoni kwa sababu ya joto la mdomo au kwa sababu ya mate? Kijana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka atajwe, akasema, "Mate. Mdomo ukiwa mkavu pipi inakaa tu." Sikuongeza neno. Maelezo ya swali namba 1 la kemia sasa ni hayo hayo: pipi, mate, na sufuria lingekwisha.

Usiku nimeandika orodha ya maneno mengine yanayobeba mizigo miwili. Uzito. Joto. Chumvi. Kupumua. Kasi. Nguvu, ambayo peke yake ina mizigo mitatu au minne. Sikuwa nimepanga kutengeneza mradi wa lugha, na bado huu si mradi wa lugha. Ila makosa mengi ya sayansi ninayoyaona kwenye karatasi yanatokea hapa, na kitabu kilichoandikwa na mtu asiyezungumza Kiswahili hakiwezi kuyajua.

24 Agosti

Umeme umekatika tangu mchana. Nimesahihisha karatasi za biolojia kwa mwanga wa simu. Swali: mimea hupumua wakati gani? Karibu wote: usiku tu. Kwao kupumua ni kuvuta hewa na kuitoa, na mchana mmea "unatengeneza chakula", kwa hiyo wameugawia zamu kama mlinzi. Upumuaji wa seli, ule wa kutoa nishati kwenye chakula, hauna zamu. Seli hai ikiacha inakufa.

30 Agosti

Uzito. Swali: mtu mwenye tungamo la kilo 60 anapelekwa mwezini, ambako mvutano ni kama nyutoni 1.6 kwa kila kilo. Uzito wake huko ni kiasi gani?

Jibu ni nyutoni 96, maana tungamo ni kiasi cha maada kilichomo mwilini, na uzito ni nguvu inayouvuta mwili huo, ambayo hupimwa kwa nyutoni. Karatasi zimenipa majibu mengine matatu, na kila moja limetoka mlango wake.

Kilo 60: huyu anajua kwamba mtu hapungui kwa kusafiri, na ni kweli, tungamo halibadiliki. Ila ameulizwa kitu kingine. Nyutoni 600: huyu amezidisha kwa 10, mvutano wa hapa duniani. Kanuni anaijua, swali hakulisoma mpaka mwisho. Kilo 10: huyu ndiye aliyenishughulisha. Alisikia kwamba mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya wa dunia, akagawa 60 kwa 6. Wazo lake la fizikia ni zuri kuliko la wale wawili. Amepotezwa na mizani ya Soko la Mgandini, ambako uzito wa mchele ni kilo na haujawahi kuwa kitu kingine.

Maelezo ya kilo 10 nimeyaandika mara tano. Mwisho yamekuwa: "Ni kweli, mwezi huvuta kwa sehemu moja ya sita. Lakini kinachopungua ni mvuto, si mtu. Tafuta uzito wake hapa duniani kwa nyutoni, halafu ugawe kwa 6." Anapata nyutoni 100, karibu kabisa na 96, na anaona kwa nini. Nataka aliyekosea kwa hoja nzuri aambiwe kwamba hoja yake ni nzuri.

Chumvi pia imekaa sawa, kwa msaada wa mwalimu mmoja wa kemia anayepita kunywa kahawa kibarazani kwa jirani. Watoto walikataa kabisa kwamba kitu cha bluu kinaweza kuitwa chumvi. "Waulize kama wanajua mrututu," akasema. Wanajua, uko madukani. Mrututu ni salfeti ya shaba, chumvi kamili kwa mkemia, na ole wake anayeutia mchuzini. Hilo la ole nimeliandika kwenye maelezo kwa herufi nene, maana ni sumu.

6 Septemba

Wiki nzima ni hisabati. Hapa programu inatunga maswali yenyewe, kila mtoto na namba zake, ili wakikaa pamoja wasinakiliane majibu bali waulizane njia.

Milinganyo ya kipeo cha pili ilinisumbua siku mbili. Ukiokota namba ovyo, mingi haina majibu ya kupendeza na mingine haina jibu halisi kabisa. Njia ni kuanza mwisho: programu inachagua majibu kwanza, tuseme 2 na 3, kisha inajenga mlinganyo kutoka hapo, jumla yao ikiwa 5 na zao lake 6, yaani x² − 5x + 6 = 0. Pembetatu mraba vilevile: huchagui pande, unachagua namba mbili m na n, kubwa na ndogo, halafu pande zinakuwa m² − n², 2mn na m² + n². Kwa 2 na 1 unapata 3, 4, 5. Kwa 3 na 2 unapata 5, 12, 13. Kila mara namba kamili, bila mkia.

Na majibu yasiyo sahihi je? Kanuni yangu ya karatasi ingekwama hapa, maana namba zinabadilika kila mara. Nimeitimiza kwa njia nyingine: karatasi zinanipa kosa, programu inalitenda kosa lile lile kwa namba mpya. Wanaosoma (x − 2)(x − 3) na kujibu −2 na −3 wapo wengi, wanachukua alama iliyo ndani ya mabano kama ilivyo. Basi programu inageuza alama za majibu na kuyaweka kama chaguo. Kwenye sehemu, wapo wanaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, 1/2 na 1/3 ikawa 2/5. Programu nayo inafanya hivyo. Maelezo yanauliza tu: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Umeongeza kitu, kikapungua?

Kosa sugu kuliko yote ni (x + 3)² kuwa x² + 9. Nimeeleza kwa maneno wiki tatu, halijashika. Jana nilichora kiwanja kwenye mchanga, upande mmoja x na hatua 3, upande wa pili vivyo hivyo, nikakigawa vipande vinne. Kipande cha x², kipande cha 9, na vile viwili virefu vya 3x ambavyo walikuwa wakivisahau. Mmoja akasimama ndani ya kipande cha 3x akauliza, "Hiki alipewa nani?" Mchoro huo sasa unajitokeza kwenye kioo kila mtu anapogusa x² + 9, na vile vipande viwili vinawaka.

13 Septemba

Historia. Nilidhani kanuni ya karatasi haitafaa, kwamba kwenye historia mtu ama anajua mwaka ama hajui. Sivyo.

Mtoto aliyeandika kwamba Abushiri alinyongwa wakati wa Maji Maji hakukisia. Darasani amepewa "upinzani dhidi ya Wajerumani" kama furushi moja, na furushi halina tarehe. Abushiri alinyongwa Pangani, hapo kusini kwetu, tarehe 15 Desemba 1889. Maji Maji ilianza 1905 ikaisha 1907, kusini mwa nchi. Kati yao kuna umri wa mtoto kuzaliwa na kufika kidato cha tatu. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye maelezo, kwa sababu miaka 16 wanaijua kwa miili yao.

Lakini swali lililonishika ni la mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli wanajeshi kama 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken. Upande wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waingereza wakashindwa, wakarudi melini. Kwa nini?

Karatasi zote, isipokuwa mbili, zimesema nyuki.

Kosa hili lina kwao, na kwao ni hapa hapa. Nani aliyekulia Tanga hajasimuliwa nyuki wale? Na hawakudanganywa. Nyuki walichokozwa vitani, wakatoka, wakauma, na Waingereza wenyewe wakayaita mapigano hayo kwa jina la nyuki. Siwezi kumwekea mtoto alama nyekundu kwa jambo lililotokea. Ila nyuki hawakuwa na upande. Waliwauma na Wajerumani pia.

Kwa hiyo nimetengeneza aina mpya ya swali. Kioo kinaonyesha sababu kadhaa: meli ya kivita Fox ilitangulia tarehe 2 kuutaka mji usalimu amri, na muda ukapita; Lettow-Vorbeck akatumia muda huo kuwaleta askari wake kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro; wengi wa wanajeshi walioshushwa hawakuwa na mafunzo ya kutosha; nyuki. Mwanafunzi anaondoa sababu moja, anaambiwa aeleze kwa sentensi moja matokeo yangekuwaje bila hiyo. Programu haiwezi kusahihisha sentensi ile, inaihifadhi tu, nami naisoma Jumamosi. Ni kazi zaidi kwangu, na ninaikubali.

Kijana mmoja aliondoa reli. Akaandika kwamba bila reli Wajerumani wangefika Tanga wakakuta bendera imeshabadilishwa. Reli hiyo ilianza kujengwa hapa mwaka 1893 na ilifika Mombo 1905, nikamwambia, na mwaka huohuo wa 1893 ndipo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoleta miche ya katani, ikapona 62 tu. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwalimu, reli ya kubebea mazao ndiyo iliyobeba vita." Nimeiandika hapa kama alivyoisema.

20 Septemba

Marudio. Nimeweka visanduku vya Leitner: swali ulilokosea linarudi kesho, ukilipata linasubiri siku tatu, kisha saba. Linaporudi, maneno na namba ni tofauti, vinginevyo watakariri rangi ya kitufe. Simu ikiazimwa na watu wawili, kila mmoja anaweka jina lake la utani ili visanduku visichanganyike. Imefanya kazi mara ya kwanza.

27 Septemba

Leo swali la kuyeyuka limerudi kwa sura nyingine kwa wale tisa, bila sukari wala chai. Saba wamepata. Wawili waliokosa nimekaa nao kando. Mmoja alilisoma vizuri kwa Kiswahili akateleza kwenye Kiingereza, na huyo nimemwongezea maswali ya maneno matupu.

Yule binti wa saa tano na robo amekuja na karatasi ambayo hakuombwa. Ameandika swali lake mwenyewe, la kwanza kwenye benki lisilotungwa na mimi. Alikuwa akianua nguo uani. Ameuliza: nguo ikikauka kwenye kamba, kivulini, bila moto na bila kuchemka, maji yake yamepatwa na nini?

Nikamwuliza kwa nini hakuandika machaguo.

"Hujatukusanyia karatasi bado, mwalimu. Ila mimi naona tatizo ni neno lenyewe. Kukauka ni habari ya nguo. Maji hayasemwi yamekwenda wapi."

Nimeliingiza kama alivyoliandika. Nafasi za majibu ziko wazi hadi Jumamosi.